Amana ya Mwenye Elimu

Katika mji wa Bute, ulioko kaskazini ya Wajir chini ya vilima vinavyoelekea mpaka wa Ethiopia, swali la nani ahesabiwe kuwa mtu aliyeelimika halijapata bado jibu moja lililoridhiwa na watu wote, na mimi naona hali hiyo ni ya heri, kwa maana miji mikubwa iliyokwisha kulijibu imelijibu kwa pupa, ikasema kwamba aliyeelimika ni mwenye shahada, kisha ikaendelea na shughuli zake. Bute haijaweza kufanya pupa hiyo. Hapo lugha tano hupita katika siku moja: Kiborana, ambacho Waajuran wengi, watu wa ukoo wa hapo, hukisema majumbani, Kisomali cha sokoni na cha mikutano ya koo, Kiarabu cha sala na cha vitabu, Kiswahili cha askari, cha dereva wa lori na cha darasani, na Kiingereza cha mtihani. Kila lugha katika hizo ina wajuzi wake na njia yake ya kumjaribu mtu, na si nadra mjuzi wa lugha moja kumwona mjuzi wa nyingine kuwa ni mjinga tu aliyebahatika kupewa heshima.

Sababu ya ugomvi huo kubaki hai haina budi kutajwa, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba watu wa kaskazini waliikataa skuli kwa ukaidi. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Wajir ilikuwamo, ilifungwa kwa sheria ya mwaka 1902, mtu asiweze kuingia wala kutoka bila ya ruhusa, na sheria nyingine ya 1934 ikawapa watawala uwezo wa kuzifungia kabila katika maeneo ya malisho na kuziadhibu kwa jumla. Na serikali iliyoiona nchi kuwa ngome ya kulinda mpaka haikuona haja kubwa ya kujenga madarasa ndani ya ngome hiyo. Uhuru ulipofika vilifuata vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, kutoka 1963 hadi 1967, na katikati ya vita hivyo, mwaka 1965, Waraka wa Bunge nambari 10 ukaagiza kwamba fedha za maendeleo zitangulizwe mahali penye ardhi ya rutuba na mvua ya kutosha, yaani kwingine. Hata sensa ya mwaka 2019 ilipohesabu watu, Garissa, Wajir na Mandera zilikuwa kaunti ambazo zaidi ya nusu ya wakazi wake hawajapata kuingia skuli. Basi anayesema kwamba watu hawa hawana elimu kwa kuwa hawana vyeti, kwanza aulize vyeti hivyo viligawiwa wapi.

Familia nyingi za wafugaji ziliitikia hali hiyo kwa busara ambayo wataalamu wa mipango walichelewa sana kuielewa: ziliwagawa watoto. Mmoja alipelekwa skuli, mwingine akaachiwa ngamia, na mwingine akakabidhiwa kwa maalim wa duksi, yaani chuo cha Qur'ani. Wala haikuwa kwa upendeleo, bali kwa hesabu, kwamba ukame ukiua mifugo patakuwa na mwenye mshahara, na mishahara ikikatika patakuwa na mwenye maziwa, na mauti yakifika patakuwa na wa kuwasomea maiti. Nyumba ndiyo iliyoelimika kwa ukamilifu, na kila mtoto alibeba fungu lake. Mpango huo uliokoa nyumba nyingi. Lakini ulikuwa na gharama yake, nayo ni kwamba ndugu watatu waliolala juu ya ngozi moja utotoni walikuja kukutana utu uzimani kila mmoja akiwa na yakini kwamba yeye ndiye aliyesoma.

Tuanze na duksi, kwa sababu mtoto huanzia hapo. Hukaa mchangani pamoja na wenzake, mkononi ana luhu ya mbao iliyoandikwa kwa wino wa masizi ya makaa, huisoma aya mpaka aihifadhi, huiosha luhu, huandika nyingine. Wapo wanaoidharau njia hii, wakisema kwamba mtoto hukariri asichokielewa. Dai lao lina ukweli, maana wako waliohitimu duksi wakiwa na juzuu thelathini vifuani na wasiweze kufasiri ukurasa mmoja. Lakini mwenye kudai hivyo aitazame pia skuli, ambako mtoto wa Bute aliyekua akisema Kiborana hukariri kwa Kiingereza sehemu za ua ambalo hajapata kuliona, ili aziandike katika karatasi itakayosahihishwa na mtu ambaye hatamwona kamwe. Kukariri si aibu ya duksi peke yake. Na duksi ina jambo moja ambalo skuli zetu nyingi zimelipoteza: maalim huhama na watu. Kambi ikivunjwa, naye huifunga luhu juu ya ngamia. Serikali ilihitaji miaka mingi mno kulitambua hilo kwa kanuni, hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipoanzisha Baraza la Kitaifa la Elimu ya Jamii za Kuhamahama, ingawa Wajir yenyewe ilikwisha kujaribu skuli za kuhama tangu miaka ya tisini.

Wanavyuoni wa Kiislamu nao hawakuwa na rai moja juu ya nani anastahiki kuitwa mwenye ilimu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika katika kitabu chake cha Ihyaa kwamba miji mingi haina tabibu miongoni mwa Waislamu, ilhali watu wanasongamana kusoma fiqhi, elimu ya sheria ya dini. Na sababu aliyoitoa ni ya kushtua kwa uwazi wake, kwamba fiqhi humfikisha mtu kwenye usimamizi wa mali ya wakfu, na wasia, na mali za mayatima, na ukadhi, na utabibu haumfikishi huko. Yaani tangu zama zile ilikwisha dhihirika kwamba mtu anaweza kuitafuta ilimu si kwa ajili ya kuzihifadhi amana za watu bali kwa ajili ya kuzikaribia. Katika pwani yetu, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1891 na 1947 na kufikia kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitumia gazeti la Sahifa, aliloanzisha 1930, na al-Islah la 1932, kuwakemea Waislamu wenzake kwa kubaki nyuma katika masomo ya zama zao. Na kabla yake Habib Saleh, katika msikiti wa Riyadha wa Lamu, alikuwa amewafungulia mlango wa darasa watu ambao waungwana wa mji hawakudhani kwamba ilimu ni haki yao. Wote wawili walikuwa na wapinzani waliosoma sana. Nawataja kwa sababu katika Bute, kama Lamu, hoja haikuwa kamwe kati ya wenye ilimu na wajinga, bali kati ya wenye ilimu wenyewe, juu ya ilimu hiyo ni ya nani na ni ya nini.

Sasa nifike kwenye visima, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni fungu la elimu ambalo halina cheti cha skuli wala ijaza ya sheikh. Miongoni mwa Waborana, kisima kirefu cha kale, hasa vile viitwavyo tula vilivyoko ng'ambo ya mpaka, ambavyo watu husimama ndani yake safu kwa safu wakipokezana ndoo huku wakiimba, husimamiwa na mtu aitwaye aba herega. Kazi yake ni kupanga zamu. Hilo linasikika jepesi, mpaka mtu atafakari kilichomo ndani yake: sharti ajue ni mifugo mingapi kisima kinaweza kunywesha kabla maji hayajashuka na kuhitaji kungojewa, ajue ng'ombe wanaweza kukaa siku ngapi bila maji na ngamia siku ngapi, na kundi lipi limetoka mbali, ajue nani ana haki ya kisima kwa ukoo, nani kwa kuchangia jasho la kukichimba na kukizibua, na nani ni msafiri tu ambaye kumnyima ni haramu lakini kumtanguliza ni dhulma, kisha ayapange yote hayo mbele ya watu wenye kiu na silaha, na kesho yake ayapange tena. Akipendelea, hahitaji mkaguzi wa kutoka Nairobi. Mbuzi walioketi chini kwa kiu ndio ushahidi, na wenye mbuzi hao wako palepale.

Na juu ya visima kuna nyota. Mwanataaluma wa Eritrea, Asmarom Legesse, alipoandika mwaka 1973 kitabu chake juu ya Gada, mfumo wa marika wa Waborana, aliueleza ulimwengu wa vyuo vikuu jambo ambalo wazee wa Kiborana walikuwa wakilifanya bila ya kuuliza ruhusa: wajuzi waitwao ayantu huhesabu miezi kwa kutazama mwezi unavyoandamana na nyota maalumu, Kilimia ikiwa mojawapo, nao wana majina ya siku 27 yanayozunguka ndani ya mwezi wa siku 29 au 30, hata jina moja haliangukii mahali pamoja kila mwezi, na mwaka wao ni wa miezi kumi na miwili ya mwandamo. Hayo yote yamo kichwani. Kwa upande wa Wasomali, Muusa Galaal alikusanya na kuchapisha mwaka 1968 maarifa ya wachungaji wa kwao juu ya nyota, misimu na dalili za mvua. Na ninapotazama kazi za watu hawa wawili najiuliza ni wazee wangapi wa kaskazini waliokufa wakiwa wameandikwa katika daftari za serikali kwa neno moja tu, kwamba hawakusoma.

Hata hivyo mwenye kuandika maneno haya hana budi kujizuia, kwa maana sifa za maarifa ya wazee zimekuwa siku hizi kisingizio kizuri cha kuwanyima watoto wao madarasa. Nimewasikia watu wa mijini, wenye watoto wao katika skuli za ada kubwa, wakisema kwamba mfugaji ana elimu yake ya asili na asisumbuliwe. Hilo silikubali. Aba herega hawezi kuhesabu kipimo cha dawa ya mtoto mwenye malaria, wala ayantu hakuweza kuwaambia watu kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ingefuatana bila ya kutoa mvua ya kutosha, jambo ambalo hakuna mzee aliyekuwa amepata kuliona. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji mkunga aliyepita chuoni, na barabara, na gari lenye mafuta. Na anayemwambia kwamba mila yake ni tajiri amemwacha afe huku akimsifu.

Ikiwa cheti hakitoshi, na kuhifadhi hakutoshi, na maarifa ya mababa nayo hayatoshi, tupime kwa nini? Mimi nadhani kipimo kimekwisha kuonekana katika habari ya kisima. Mtu aliyeelimika ni yule ambaye, kwa sababu ya kile anachokijua, wengine wanaweza kulitia jambo lao mikononi mwake, maji yao, kesi yao, mtoto wao, naye akalishika kwa ujuzi, na akakubali kuulizwa na wale wasioujua ujuzi huo. Sharti hili la mwisho ndilo zito. Mwenye ujuzi asiyeulizika ni fundi hatari, na mwaminifu asiye na ujuzi ataua kwa nia njema.

Kanda hii imelipa kwa damu ili ijue tofauti hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, chuo cha kwanza cha umma cha ngazi hiyo katika kaskazini mashariki yote, ambacho kilikuwa na miaka minne tu, kilishambuliwa alfajiri, na watu 148 wakauawa, wengi mno wakiwa wanafunzi, baada ya washambuliaji kuwatenga Wakristo na Waislamu. Na mmoja wa washambuliaji hao, kama serikali ilivyotangaza, alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa na shahada. Walimu wake walikuwa wamemfundisha maana ya ushahidi, ya hatia, na ya kwamba mtu haadhibiwi kwa kosa la mwingine. Mtu asiseme kwamba kijana huyo alikosa masomo. Miezi minane baadaye, tarehe 21 Desemba mwaka uleule, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na wenye bunduki karibu na El Wak, abiria wakaamrishwa wajitenge kwa dini zao, na Waislamu wakakataa. Wanawake walikwisha kuwapa wenzao wa Kikristo mitandio wajifunike. Miongoni mwa waliokataa alikuwamo mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa skuli ya msingi, akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kwa jeraha hilo. Rais akamtunukia nishani baada ya kufa kwake. Sisemi kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya cheti cha ualimu, maana ndani ya basi lile walikuwamo wasiopata kushika kalamu, nao walikataa vilevile. Nasema tu kwamba wazazi wa Mandera waliokuwa wakimpa watoto wao kila asubuhi walikuwa wamempima sawasawa.

Ujuzi huu unaoulizika huonekana pia mahali pasipo na risasi. Vita vya koo vilipoikumba Wajir mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya dola ya Somalia kuanguka na silaha kutapakaa, Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakitaka kwanza kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kununua na kuuza maziwa bila ya kudhuriwa. Kisha wakawaendea wazee. Wao wenyewe hawakuwa na kiti katika baraza la koo, na walilijua hilo, kwa hiyo wakawaomba wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa na tamaa ya ushindi, wasimame katikati. Mwaka 1993 wazee wakafikia mapatano yaliyoitwa Azimio la al-Fatah, na baadaye kazi hiyo ikawa kamati ya amani ambayo wilaya nyingine za Kenya ziliiga. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden mwaka 2007, akafariki 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Angalia jinsi alivyotumia kila alichokijua: kanuni za koo, dini, hesabu za soko, lugha ya ofisi za serikali. Hakuna darasa lililomfundisha kuziunganisha.

Au mtazame Annalena Tonelli, Mtaliano aliyesomea sheria kwao, akaja Kenya 1969 kama mwalimu, na akiwa Wajir akaona kwamba wafugaji wenye kifua kikuu hawamalizi dawa kwa kuwa dawa ilidai mwaka na zaidi, na kambi haingoji mwaka. Tangu 1976 wagonjwa waliishi katika manyatta yao wenyewe karibu na mji, wakameza dawa mbele ya macho ya mhudumu kwa miezi sita, kisha wakaenda zao wazima. Na utaratibu huo ukawa mfano kwa nchi nyingine. Mwaka 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walipokusanywa na kuuawa na askari wa serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, alikuwa miongoni mwa waliowatibu manusura na kupeleka habari nje, na kwa ajili hiyo hakuruhusiwa kuendelea kukaa. Maofisa waliotoa amri za Wagalla nao walikuwa wamesoma. Wao walijifungia ndani ya usiri wa serikali, ambamo hapana mjane awezaye kuuliza.

Haya ni mambo makubwa, nami sitaki msomaji adhani kwamba kuelimika kunahitaji msiba. Mwaka 2013 ilianza katika Wajir bima ya mifugo ya takaful, yaani ya kuchangiana kwa kanuni za Kiislamu, ambayo humlipa mfugaji kwa kutazama ubichi wa nchi kama unavyopimwa na setilaiti, bila ya mtu kwenda kuhesabu mizoga. Ubichi ukipungua chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, malipo hutoka. Mzee anayetaka kujua kama ajiunge anahitaji maarifa matatu kwa mpigo. Anahitaji kuusoma mkataba na kuelewa kwamba kinacholipiwa ni hali ya eneo zima wala si ngamia wake aliyekufa. Anahitaji kujua fiqhi ya kuchangiana na jinsi inavyoepukana na riba na gharar, yaani mkataba wenye mashaka. Tena anahitaji kuijua nchi, kwa sababu ubichi si malisho, na mathenge, ule mti wa miiba uliovamia maeneo mengi ya kaskazini, huonekana wa kijani kutoka juu wakati mbuzi hawana cha kula chini. Wale ndugu watatu waliogawanywa utotoni wanahitajiwa tena katika kikao kimoja. Na mara nyingi anayekosekana ni wa nne, anayeweza kuwasikiliza wote na kuwafasiria bila ya kumdhalilisha yeyote. Huyo ndiye ambaye mimi ningemwita aliyeelimika kuliko wote, hata akiwa ni msichana wa kidato cha tatu anayewasomea wazee mkataba wakati wa likizo.

Skuli za Bute na jirani zake haziwezi kumlea msichana huyo zikiwa tupu. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa walipotolewa katika basi lililotoka Mandera, miongoni mwao walimu wengi waliokuwa wakienda makwao kwa likizo. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, katika Wajir. Januari 2020 wengine watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Na baada ya hapo Tume ya Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji, kwa haki kabisa, maana hakuna awezaye kumdai mwenziwe roho. Kilichobaki ni madarasa yenye watoto na ubao, na mahali pengi vijana waliomaliza kidato cha nne juzi tu ndio waliosimama mbele ya ubao huo, bila ya mafunzo na kwa posho iliyotoka mifukoni mwa wazazi. Wazazi waliwaamini kwa kuwa walikuwapo. Vijana hao hawajaelimika bado kwa kiwango kinachotakiwa, nao wenyewe wanalijua hilo kuliko waziri yeyote. Wanachohitaji ni chuo cha ualimu kilicho karibu, kitakachowachukua wakati wa likizo na kuwarudisha darasani muhula ukifunguliwa, kikiwafundisha kusomesha kwa Kiborana na Kisomali katika miaka ya mwanzo kama mtaala wenyewe unavyoruhusu. Kaunti za kaskazini zina fedha za ugatuzi tangu 2013, na vijana wenyewe wanafahamika kwa majina, darasa kwa darasa.